Aliyemo Wimboni na Aimbaye

Katika madarasa yetu ya fasihi kuna onyo ambalo mwanafunzi hulisikia mapema kuliko maonyo mengine yote: mtu wa hadithini si mtu. Hana utoto ila ule aliotajiwa na mtungaji. Hana siri ila ile iliyoandikwa. Na kitabu kifungwapo, maisha yake yamekoma. Onyo hili ni la kweli, lakini kama dawa nyingi za kweli, likinywewa kupita kipimo hudhuru. Limetufanya tuwadharau watu wanaobishana juu ya watu wa hadithini na nyimboni kana kwamba ni jirani zao: huyu ni mwongo, yule kaonewa, mwingine alistahili yaliyompata. Tunawaita mashabiki, na neno hilo tumeligeuza kuwa hukumu. Makala haya yanakusudia kuwatetea watu hao kwa jambo moja, na kisha kuonyesha mpaka ambao wakiuvuka, utetezi wangu hauwafikii.

Nimechagua mfano wa taarab inayoimbwa na wanawake, kwa sababu humo tatizo huonekana kwa uwazi ambao riwaya haiwezi kutupa. Katika riwaya, mtu wa hadithini yumo karatasini na mwandishi yuko kwake. Katika taarab, anayesema wimboni na mwanamke aimbaye husimama mbele ya hadhira katika mwili mmoja, na sauti yao ni moja. Je, ni nani asemaye? Swali hili si geni.

Taarab ya Unguja ilianza kuwa burudani ya jumba la Sultani, ikaimbwa kwa Kiarabu. Aliyewafikishia watu wengi taarab ya Kiswahili, kuliko mwimbaji mwingine wa zama zake, ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake, nyimbo zao zikatiwa katika sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kuandikiwa wasifu. Wapinzani wake walimwimba kwa kejeli, wakimkumbusha kwamba ametoka shamba na kwamba hana uzuri wa sura. Naye aliwajibu kwa wimbo, hoja yake ikiwa kwamba akili ni bora kuliko sura na nasaba. Katika jibu lile, asemaye na aimbaye ni mtu mmoja. Na asiyejua habari za Siti hataupata wimbo ule wote.

Lakini Siti yuyo huyo aliimba pia wimbo wa Kijiti, unaosimulia habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, muuaji akatorokea bara, na mashahidi wanawake wakaangukiwa na adhabu mahakamani. Humo Siti hasemi habari zake. Sauti yake imekuwa sauti ya mji unaoshangaa haki ya wakubwa. Ikiwa mtu atauliza, «Yamempata nini Siti hata akaimba hivi?», amekosa njia. Basi kutoka kinywa kimoja tunapata nyimbo mbili, na uhusiano wa mwimbaji na msemaji si sawa katika zote mbili. Hapana kanuni moja ya kufungua milango yote: kila wimbo hapana budi uulizwe peke yake.

Ushindani wa vikundi ndio uliolifanya swali hili kuwa mabishano ya watu wote. Mombasa palikuwa na vyama vya lelemama vya wanawake, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyoshindana kwa mavazi, karamu na nyimbo. Unguja vikundi vya wanawake vya Nuru el-Uyun na Sahib el-Arry vilijulikana kwa kujibizana. Miaka ya 1990 jambo hili lilikuwa gumzo la Dar es Salaam: Khadija Kopa katika Tanzania One Theatre, ambayo watu waliizoea kwa jina la TOT, na Nasma Khamis katika Muungano. Kila wimbo mpya wa upande mmoja ulisikilizwa kana kwamba ni barua kwa upande wa pili. Nyimbo za namna hii zikaitwa mipasho, na wasomi wengi wakazifungia mlango kwa neno hilo, wakidhani kwamba mpasho ni tusi lililotiwa ala.

Na tuchukue wimbo wa kawaida wa aina hii. Sitautaja mmoja, kwa kuwa ziko nyingi zinazofanana nao. Nitaeleza umbo lake tu. Asemaye ni mke, naye anamsemesha mwanamke aliyemnyang'anya mume. Katika ubeti wa kwanza anasema kwamba hana habari, usingizi wake ni mtamu. Katika wa pili anahesabu nguo za mwenzake na kutaja mahali zilipochakaa. Katika wa tatu inadhihirika kwamba anaijua saa aliyorudi mume. Katika wa nne anamwombea mwenzake kheri, na kheri hiyo imefanana sana na laana.

Sasa wasikilize wapenzi wa wimbo huu wakibishana. Mmoja atasema, «Huyu mke ameshinda, tazama alivyomdharau.» Wa pili atajibu, «Ameshindwa! Asiye na habari hahesabu nguo za mtu.» Wa tatu, aliyekuwa kimya, atasema, «Nyote mmekosa. Haya maneno hayasemi na yule mwanamke. Mume yuko chumba cha pili, naye ndiye anayesemeshwa.» Nauliza: je, watu hawa wametukosea nini sisi wenye shahada? Wa kwanza ameyachukua maneno kama yalivyo. Wa pili ameyapima maneno kwa vitendo, akaona kwamba msemaji anajua zaidi ya anavyokiri. Wa tatu ameuliza ni nani anayesemeshwa kweli nyuma ya yule anayetajwa. Hizo ni kazi tatu za uhakiki, na wamezifikia kwa njia ya ubishi bila kupita darasani. Upendeleo wao haukuwazuia. Upendeleo ndio uliowasukuma kutafuta ushahidi, kwa kuwa mwenye upande hulazimika kuutetea.

Husemwa kwamba fumbo humfumbia mjinga, na mwerevu hulifumbua. Methali hii imezoeleka mno kuhusu taarab, nayo yaweza kutupotosha, kwa kuwa inadhani kwamba ndani ya fumbo kuna jibu moja, yaani jina la mtu, na mwerevu ni yule alijuaye jina. Ukumbini mambo si hivyo. Tazama desturi ya kumtunza mwimbaji. Wimbo unaendelea, mwanamke mmoja anainuka kitini, anakwenda taratibu kwa mwendo wa muziki, noti yake mkononi, akaitoa penye maneno fulani na si penye mengine. Mara nyingine hugeuka na kuitazama pembe moja ya ukumbi. Kwa kitendo kile ameyaazima maneno ya wimbo. Katika ubeti ule, kwa muda wa hatua zile chache, yeye ndiye msemaji, na aliye pembeni ndiye msemeshwa. Mwimbaji mwenyewe yamkini hawajui wote wawili. Kabla ubeti haujaisha atainuka mwingine, naye ana ugomvi wake. Wimbo mmoja basi huwa na wasemaji wengi kwa kadiri ya watunzaji, na swali la «Amemwimba nani?» halina jibu moja hata kwa mtungaji. Kutunza ni ufafanuzi unaofanywa kwa miguu.

Naandika haya Bomani, katika mji wa Tarime, mkoani Mara, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Kenya pale Sirari. Hapa si pwani. Lugha ya nyumbani ya wengi ni Kikuria, na ala ya heshima ni iritungu yenye nyuzi nane, ambayo mpigaji wake huweza kutaja watu na koo kwa majina, kwa sifa au kwa lawama. Taarab ilitufikia kwa sauti ya Radio Tanzania Dar es Salaam, kisha kwa kanda, na sasa kwa simu. Umbali huu una faida ambayo watu wa pwani hawanayo. Msikilizaji wa Bomani hajui mwimbaji amegombana na nani wiki iliyopita, wala mume wa nani ameonekana wapi. Hana uvumi wa kumsaidia; ana maneno ya wimbo tu. Akitaka kubishana, ni lazima abishane juu ya mwanamke aliyemo wimboni, kwa kuwa yule aimbaye hamjui.

Na huyo wa wimboni humwelewa kwa akili ya kwao. Miongoni mwa Wakuria ipo desturi ya nyumba ntobhu, ambayo mwanamke mtu mzima asiye na mtoto wa kiume huoa msichana kwa mahari, ili nyumba yake ipate watoto wa kuirithi. Wimbo wa mwanamke anayesema kwamba ametoa mali yake na kumleta msichana nyumbani, pwani utasikilizwa kuwa maneno ya mkwe, au ya shoga aliyesalitiwa. Msikilizaji wa Bomani ana haki ya kuusikia kuwa maneno ya mwanamke aliyeoa. Je, amekosea? Ikiwa maneno ya wimbo yanakataa maana hiyo, amekosea, na aonyeshwe mahali yanapoikataa. Ikiwa hayaikatai, basi ametuonyesha chumba katika nyumba ambayo tulidhani tumeitembelea yote.

Jambo hili la kusikiliza kutoka mbali limenikumbusha mabishano mengine, ya wanafunzi wangu, juu ya wasichana ambao hawakuzaliwa Unguja wala mahali popote. Ni wasichana wa bendi katika filamu za katuni za Kijapani, ziitwazo anime. Mfululizo wanaoupenda zaidi ni BanG Dream!, ulioanzishwa mwaka 2015 na kampuni ya Bushiroad, wenye bendi nyingi za wasichana, nyimbo, michezo ya simu na filamu. Sehemu yake moja ya mwaka 2023, It's MyGO!!!!!, yenye vipande 13 na ambayo uandishi wake uliongozwa na Yuniko Ayana, inaanza na bendi kuvunjika. Sakiko Togawa, aliyeiunda, anaiacha katika siku ya mvua bila kueleza sababu. Soyo Nagasaki, mpigaji wa besi, mpole na mwenye tabasamu kwa kila mtu, anajiunga na wenzake kuunda bendi mpya. Nasi tunatambua baadaye kwamba nia yake tangu mwanzo ilikuwa kuirudisha ile ya zamani. Bendi mpya inapoupiga jukwaani wimbo wa bendi iliyokufa, Sakiko, aliyekuwamo ukumbini, anakimbia kwa machozi, na tabasamu la Soyo linaondoka.

Je, Soyo ni mnafiki? Juu ya swali hili nimewasikia vijana wakikesha. Mmoja anataja hila zake moja moja, na kila mwenzake aliyetumiwa. Mwingine anarudi nyuma hadi utoto wake, wazazi walioachana, mama anayefanya kazi hata usiku, nyumba kubwa iliyo tupu, na kusema kwamba mtoto huyu alijifunza kuwapendeza watu kabla hajajifunza kuwapenda. Hayo si mazungumzo ya watoto. Na juu ya Sakiko ilitokea jambo linalofaa kuandikwa. Waliokuwa wamemhukumu kuwa ni katili walipofika kipande cha mwisho waliona nyumba anayorudi, chumba duni na baba mlevi. Wengi walibadili hukumu yao, na wachache walioishikilia walilazimika kuitafutia hoja mpya. Kazi yenyewe iliwasahihisha.

Hapa ndipo ninapoweka mpaka. Hoja inayoweza kusahihishwa na kazi yenyewe ni uhakiki, hata ikisemwa kwa kelele na mtu asiyejua istilahi hata moja. Hoja isiyoweza kusahihishwa na kazi ni umbea, hata ikiandikwa na daktari wa falsafa. Mtu anayesema kwamba mke wa wimboni ameshindwa aweza kuonyeshwa ubeti wa nne, akanyamaza. Mtu anayesema kwamba mwimbaji ameimba hivi kwa sababu ameachwa na mumewe hawezi kuonyeshwa ubeti wowote. Atakuambia kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ameufanya uvumi kuwa ushahidi, na wimbo kuwa uvumi.

Lakini hatuwezi kuweka mpaka huu na kwenda zetu, tukidhani kwamba onyo la darasani limetosha. Sanaa hizi zinakula katika mpaka wenyewe. Kikundi cha taarab hujua kwamba ukumbi utajaa zaidi watu wakiamini kwamba waimbaji wawili wamegombana kweli. Kampuni ya Kijapani nayo hujua thamani ya kuunganisha yaliyotengana: katika bendi kadhaa za mfululizo ule, waigizaji wanaotoa sauti za wasichana wa katuni hupiga ala wenyewe jukwaani mbele ya watu, hata mtazamaji asijue anamshangilia nani. Sehemu iliyofuata ya mwaka 2025, Ave Mujica, imelifanya jambo hili kuwa hadithi yenyewe. Wasichana watano wanaimba wakiwa na barakoa na majina ya kubuni, mpaka mmoja wao, bila kuwapa wenzake habari, anawavua barakoa mbele ya hadhira. Watu wanashangilia, na bendi inaanza kuoza siku ile. Watungaji wa Japani wamelijua jambo ambalo mwimbaji wetu yeyote wa mipasho angeweza kuwaambia: hadhira hutamani barakoa ivuliwe, na gharama hailipwi na hadhira.

Gharama hiyo hulipwa na nani? Kwetu hulipwa na mwanamke aimbaye. Yeye ndiye anayekwenda sokoni kesho yake, na arusini, na msibani, akiwa amebebeshwa maneno ya mke mwenza, ya mwizi wa waume, ya mwanamke asiye na haya. Aghalabu mashairi hayo hakuyatunga. Mengi yametungwa na mtu mwingine, mara nyingi mwanamume, ambaye hakuna anayemwuliza habari za nyumba yake. Mwanamume akitunga maneno ya mwanamke mwenye wivu husifiwa kwa kuijua mioyo ya watu. Mwanamke akiyaimba huambiwa kwamba ameungama. Hukumu mbili hizi kwa kazi moja si za haki, na uhakiki unaozipitisha kimya unazishiriki. Hata swali la nani anashika ala limo humu. Kikundi cha Tausi, ambacho Mariam Hamdani alikianzisha Unguja mwaka 2009 na ambamo wanawake hupiga ala wenyewe, kinawalazimisha wasikilizaji kutazama mikono, fidla na kanuni, kazi iliyojifunzwa kwa miaka. Ni vigumu kidogo kusema kwamba mtu anaungama tu, unapomwona anahesabu mapigo.

Najua pingamizi litakaloletwa. Litasema kwamba Siti alijibu kejeli zake kwa wimbo, na kwamba nimekiri mwenyewe kuwa wimbo ule hauelewi asiyejua maisha yake; kwa nini basi nimzuie mtu kutafuta maisha ya mwimbaji wa leo? Jibu langu ni kwamba simzuii kutafuta. Namtaka aonyeshe kwamba wimbo umemwita. Jibu la Siti linazungumza juu ya sura na asili ambazo wapinzani walikwisha kuzitaja hadharani katika wimbo wao. Wimbo mmoja unauita mwingine, na ushahidi uko nyimboni mote. Wimbo wa Kijiti haukuwaita watu chumbani kwa Siti, uliwaita mahakamani. Mhakiki aende anakoitwa. Pasipokuwa na mwito, mlango wa mwanamke ubaki umefungwa.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wanaofundisha mambo mawili. La kwanza, tusiwafukuze wanafunzi wanaoingia darasani na mabishano yao ya Soyo, au ya mke mwenza wa taarab, kwa kuwaambia kwamba mtu wa hadithini si mtu. Wanajua. Hakuna aliyewahi kumtafutia Soyo posa. Wanabishana juu yake kama mtu kwa sababu hiyo ndiyo njia ya kupima maneno kwa vitendo, na mtungaji alimjenga apimwe hivyo. La pili, mipasho isomwe. Isomwe ubeti kwa ubeti, kwa uangalifu ule ule tunaoupa utenzi wa kale, tukiuliza ni nani asemaye, ni nani asemeshwaye, na msemaji anajua nini ambacho hakikiri. Katika orodha nyingi za vitabu vya kufundishia, nyimbo hizi zimetajwa kwa mstari mmoja, ilhali ndizo mashairi ya Kiswahili yaliyosikiwa na watu wengi zaidi katika maisha yao.

Na mwanafunzi akisema juu ya mwanamke wa wimboni neno lolote, zuri au baya, tumwulize swali moja la upole: «Umelipata katika ubeti gani?» Akiwa na ubeti, tumsikilize hata kama amekosea, kwa kuwa ubeti utamrudisha. Asipokuwa nao, tumwambie kwamba huyo anayemsema si wa wimboni tena. Ni mwanamke fulani, yuko kwake, na darasa halina ruhusa ya kuingia.